Vya Zamani Nirudishie

Je, wewe umewahi kuona mtu amebeba kompyuta mgongoni kwa kitenge, kama mtoto mchanga? Basi watu wa Mbarara walimwona Perpétue asubuhi ile, na walipokwisha kumpita waligeuka tena.

Mjukuu wake Alida alitembea nyuma, akiona haya. "Koko, tuite boda."

"Itaanguka. Toka Uvira niliibeba hivi hivi, haikuanguka."

Kompyuta hiyo ilikuwa ya marehemu Appolinaire, mume wa Perpétue. Kule Uvira, Kongo, aliiweka kibarazani kando ya barabara ya malori, akawapigia watu barua na kuwawekea nyimbo. Vita vilipokuja waliacha vitanda, wakaacha na mbuzi, ila kompyuta wakaja nayo hadi kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Appolinaire hakuruhusu mtu afungue kasha lake. "Humu ndani nimebeba Uvira nzima," alikuwa akisema, na watu wakicheka.

Jumamosi ingekuwa siku ya kuondoa matanga yake, huko huko kambini alikozikwa. Alida alitaka kuchapa picha ya babu na nyimbo za misa, lakini mashine ilikuwa imechoka. Ukiiwasha, ugali unapikwa, unaliwa, sahani zinaoshwa, yenyewe bado inajizungusha. Ndiyo maana waliileta mjini Mbarara kwa fundi Muhwezi, abadilishe prosesa, aongeze memori, aweke na diski mpya.

"Mimi naenda ofisini Kamukuzi mara moja," Alida alisema. "Koko, ukae hapa, usitoe jicho. Bafundi ba mujini banatoa kizuri, banaweka kibovu."

Watu wa Nakivale wamezoea hivyo. Kifaa kikienda kwa fundi, mtu wa nyumbani huketi kando yake mpaka kazi iishe, na kila kilichotolewa hurudi naye, hata kama kimekufa.

Perpétue akatoa kapuni kikopo cha maziwa ya unga, chenye kifuniko, alichokuwa amekiosha na kukianika vizuri juani. Alikuwa na neno la kumwambia fundi. Bado alikuwa analipanga mdomoni, lisije likachekwa, na huku Muhwezi ameshafungua kasha pale barazani. Akashika mashine ya kupulizia, akabonyeza.

Likatoka wingu zito la rangi ya majivu. Muuza chapati wa jirani alifunika unga wake akilaani.

"Ngoja!" Perpétue alisimama. "Ngoja kwanza!"

Mashine ilikuwa inanguruma. Muhwezi aliona mdomo unafunguka tu, akadhani mama wa watu amekabwa na vumbi. Akamsogeza kando kwa adabu, kisha akarudi kupuliza pembe zote, hata zile za chini kabisa. Upepo ukalivusha wingu juu ya mabati, likaenda zake upande wa Ruharo.

"Pole, mukaaka," alisema, maana ndivyo Wanyankole wanavyomwita bibi. Kiswahili chake alikuwa amekiokota kwa askari. "Hii kitu yako ilikuwa shamba! Mtu anaweza panda matoke ndani."

"Na maharage juu yake!" muuza chapati akadakia, akikung'uta nywele.

Perpétue hakucheka. Aliketi tena, kikopo mapajani.

Muhwezi akang'oa feni, akapangusa gundi iliyokauka, akachomoa prosesa ya zamani, ndogo kama biskuti. Akapachika mpya, akaitonea gundi nyeupe, kidogo tu, kama dawa ya meno kwenye mswaki wa mtoto.

"Vya zamani nirudishie," Perpétue alisema.

"Mukaaka! Mimi hapana mwizi."

"Nirudishie tu, baba."

Akampa feni. Perpétue alipitisha kidole katikati ya mapanga yake, akakitazama kidole. Akapewa memori, akaipangusa kwa ncha ya kitenge, akaitazama ncha ya kitenge. Vya ndani vilipokwisha kuhamia diski mpya akapewa ile ya zamani, akaigeuza juu na chini.

"Usiogope," Muhwezi alimwambia, kwa sauti ya upole sasa. "Barua, picha, nyimbo, yote nimehamisha. Hakuna kitu ya mzee imepotea."

Perpétue akaitika kwa kichwa.

"Eh, na kopo umekuja nayo! Wewe umejipanga." Muhwezi akakichukua kikopo, akamimina humo skrubu za zamani zilizoshika kutu, akakifunika vizuri na kumrudishia kwa mikono miwili. Perpétue hakumzuia.

Alida aliporudi alibonyeza kitufe, na kabla hajatua mkoba mashine ilikuwa imeshaamka. Akapiga kigelegele hadi wapita njia wakasimama. Kwenye kioo alitokea Appolinaire na kofia yake ya Jumapili, amekaza uso kama kawaida ya wanaume wakipigwa picha.

"Koko, ona! Uvira nzima iko humu!"

Lakini Perpétue alikuwa anaitazama sakafu ya baraza. Ilikuwa imeshafagiliwa na kumwagiwa maji. Alikitikisa kikopo, skrubu zikalia, akaacha. Machozi yalikuwa yanashuka, na hakuyafuta.

Alida akachutama mbele yake. "Koko, balikuibia kitu?"

"Hapana. Hakuna mwenye aliniibia."

"Sasa ni nini? Ulikuwa unataka nini?"

Perpétue aliinua uso, akatazama kule juu ya mabati, upande wa Ruharo, ambako mbingu ilikuwa nyeupe.

"Vumbi, Alida. Nilitaka vumbi ya Uvira nimumwagie babu yako kwa kaburi, asilale na udongo wa watu peke yake."