Ndege Kubwa ya Kwanza

Kisiwani Mwandu idadi ya watu haikuruhusiwa kuzidi. Mgeni mmoja akishuka uwanja wa ndege, mwenyeji mmoja, yule ambaye bangili yake ya mkononi imewaka nyekundu, huvuka kwenda bara mpaka mgeni aondoke. Enzi za ndege ndogo watu walizoea. Kisha uwanja ukarefushwa, na asubuhi moja ndege kubwa ya kwanza ilipokaribia, bangili za wenyeji wengi ziliwaka karibu mtaa mzima. Ya Raya haikuwaka. Iliwaka ya binti yake Mwanaidi, mwenye miaka minne.

Raya alimficha mtoto chini ya kitanda, akakomea mlango. Juu ya paa ndege ilipita, ikarudi, ikapita tena. Haikuweza kutua mpaka idadi ya wanaoondoka itimie.

“Raya mwanangu,” jirani yake, Bi Mize, aliita kwa upole mlangoni. “Wenzake wote wameshapanda boti. Amebaki yeye tu.”

“Ni mtoto, Bi Mize! Nichukueni mimi!”

“Yako haijawaka. Na ile ndege inaishiwa mafuta. Ina watu, mwanangu.”

Raya aliuegemea mlango. Mngurumo ulirudi, chini zaidi safari hii, vyombo vikalia kabatini. Ndipo sauti ndogo ikatoka chini ya kitanda.

“Mama, nivae viatu?”