Kopo Jeupe

"Lile kopo la vitamini bado unalo?" wakili aliuliza kwenye simu. "Hata kama umebaki unga kidogo, maabara waupime waone kama dawa ilitoka humo. Bila hilo hatuna rufaa."

Wilkin, mrusha mpira wa besiboli aliyekutwa na dawa haramu mwilini, alipekua kabati, akapekua mpaka pipa la taka.

"Mama, kopo langu jeupe liko wapi?"

"Si hilo hapo!"

Lilikuwa mbele ya picha ya Bikira Maria wa Altagracia, limejaa maji na maua ya manjano.

"Nimelisugua kwa sabuni mara tatu," mama alisema, akipangusa tone kwenye mdomo wa kopo. "Bikira hapewi kitu kichafu. Nimemwomba ushinde."

"Umelipata?" wakili aliuliza.

"Mjibu basi, mwanangu. Mtu anangoja."