Mkate Kwanza

"Hakuna kuondoka mpaka kila mtu ale," alisema Kapteni Toni, akikata mkate juu ya kifuniko cha injini.

Muuza tiketi aliyesimama pale gatini Vlorë alicheka. "Toni, utawalisha hawa watu mpaka boti izame."

"Ikizama, itazama na walioshiba."

Abiria walikuwa wanne. Wacheki wawili wazee, mume na mke, walichovya mkate kwenye mafuta ya zeituni na chumvi, wakatikisa vichwa kwa raha. Msichana mwenye kofia pana alipokea kipande chake, akashukuru. Wa nne alikuwa kijana mwembamba aliyekaa nyuma kabisa, begi mapajani.

"Mimi sili," alisema kijana.

Kisu kilisimama katikati ya mkate.

Jina halisi la Toni lilikuwa Ndue. Huko milimani kaskazini alikozaliwa, alimpiga risasi jirani yake, Kolë, kwa sababu ya zamu ya maji ya shamba. Kifungo alikimaliza. Lakini mahakama haifuti damu. Damu hulipizwa na ukoo, na katika nyumba ya Kolë kulikuwa kumebaki mimba tu. Mkewe alimzika mumewe tumbo likiwa kubwa. Mtoto huyo sasa angekuwa na miaka ishirini na kidogo.

Ndue alihamia pwani, akabadili jina, akanunua boti. Watalii walimsifu kwa ukarimu. Hawakujua kwamba kwao Ndue, mtu aliyekula mkate wako na chumvi yako hawezi kumwaga damu yako siku hiyo, hata kama ulimuua baba yake. Ndiyo maana mkate ulitangulia, injini ikafuata.

"Kidogo tu, mwanangu," alisema.

"Nimeshasema sili, mjomba."

Lafudhi ilikuwa ya kaskazini.

"Wewe wa wapi?"

"Juu huko, Shkodër."

"Baba yako nani?"

"Alishafariki."

"Kula bwana," msichana alimtania kijana. "Huyu mzee atatuotesha mvi hapa."

Kijana aligeuza uso. Nyuma yao boti nyingine ilipiga honi, ikitaka nafasi, na muuza tiketi akaitupa kamba ndani. Ndue hakuwa na namna. Akawasha injini.

Miamba ya Karaburun ilianza kupita upande wa kushoto. Siku nyingine angewaonyesha mapango, angewadanganya kuhusu maharamia. Leo aliendesha amekaa kiubavu, jicho moja baharini, jingine kwenye begi la yule kijana. Wacheki walipiga picha. Msichana alikuwa akimega mkate wake vipande vidogo na kuvitupa majini.

"Naona mkate wangu unanenepesha samaki," Ndue alisema, akijilazimisha kucheka.

"Nao wana njaa, kapteni."

Mawimbi yalikuwa makubwa walipozunguka rasi. Kijana akashika zipu ya begi. Ndue akashika kisu cha mkate, akakiweka pajani. Zipu ilifunguka polepole. Mkono uliingia ndani, ukatafuta, ukatafuta tena, ukatoka na mfuko wa plastiki. Kijana akautapikia.

Ndue hakuachia kisu. Mtu anaweza kutapika na bado akakuua.

Mbele ya pango la Haxhi Ali maji yalitulia. Ndue alishusha nanga. Kijana alinawa uso, akavuta pumzi, na rangi ikamrudia.

"Mjomba," alisema kwa aibu, "ule mkate bado upo? Mama alinikataza kula kabla ya boti. Bahari hainipendi kabisa. Sasa njaa inaniua."

Ndue alimkatia kipande kinene kama tofali. Alimwagia mafuta mpaka yakachuruzika, akanyunyiza chumvi kwa vidole vyake mwenyewe. Akamtazama akitafuna. Akamtazama akimeza. Kijana aliomba kingine, akapewa.

Hapo Ndue akakaa.

"Kapteni, unalia?" aliuliza msichana.

"Chumvi hii, binti. Inaingia machoni."

Wacheki waliruka majini kwa kishindo kama watoto. Kijana akavua shati, akawafuata kuelekea pangoni. Muda si mrefu kicheko chao kilisikika kutoka gizani, kikirudi mara mbili mbili kwenye kuta za mawe.

Ndue aliwasha sigara. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alivigeuzia mgongo viti vya abiria, akaegemea usukani, akatazama maji. Yalikuwa ya buluu mno. Alikuwa amepita hapa miaka yote hii na hakuwahi kuyaona hivi.

"Wewe huogelei, binti?" aliuliza bila kugeuka.

"Sikuja kuogelea."

"Basi malizia mkate. Kimebaki kipande kimoja, na hiki usiwape samaki."

"Siwezi, Ndue."

Sigara ilimponyoka. Aligeuka. Msichana alikuwa amevua kofia. Taulo lilikuwa limetandazwa mapajani mwake, na mkono wake wa kulia ulikuwa chini ya taulo.

"Mama alimwomba Mungu mvulana," alisema. "Nikaja mimi."