Mnunuzi Aliyelala Chini ya Nyumba

Mnunuzi wa pili alikuwa amelala chali chini ya nyumba, na suti yake, akimulika sakafu kwa tochi ya simu. Mwalimu Eveline akampenda papo hapo.

Wa kwanza, Asukile, mfanyabiashara wa Mwanjelwa, Mbeya, hata ndani hakuingia. Alisimama getini, akatazama kiwanja, akasema nyumba itaondolewa kwa siku moja apandishe loji ya ghorofa nne. Eveline alimwonyesha barabara ya kurudi Mbeya.

Ndugu zake walishakubaliana kuuza, na magoti yake mwenyewe yalishagombana na ngazi za kupandia barazani. Lakini kuchagua mnunuzi walimwachia yeye, naye aliapa kwamba nyumba ya babu haitaonja tingatinga maadamu yu hai. Ilikuwa nyumba ya mbao inayokaribia miaka mia, imekaa juu ya nguzo fupi za mawe pale Kihesa, paa limeshuka mpaka likafunika baraza, kama mtu aliyevuta kofia usoni. Makabati yalijengewa ukutani. Sebuleni kulikuwa na jiko la chuma la kuotea moto, na baridi ya Juni iliishia mlangoni.

Mnunuzi akatoka na utando wa buibui kichwani. Aliitwa Sifaeli, mtu wa Mbeya naye, mwenye malori mawili ya kubeba mbao.

"Mwalimu, hizi namba zilizochongwa kwenye maboriti ni za nini?"

Maisha yake yote Eveline alikuwa akingoja mtu amuulize.

"Nyumba ilikuja vipande vipande, mwanangu. Mzungu aliyeiagiza aliiunga namba kwa namba, babu yangu akiwa fundi wake, na alipoondoka akamwachia. Ni bolti tupu. Misumari utaihesabu."

"Kumbe."

Sifaeli akafungua mlango, akaufunga, akaufungua tena. Akapapasa fremu za madirisha. Akapiga picha kila pembe. Habari za maji, za mipaka, za majirani, hakuuliza hata moja.

Bei yake ilikuwa chini ya ile ya Asukile, na ndugu wakanuna. Eveline hakujali. Alichotaka ni ahadi ya maandishi mbele ya mchungaji. Sifaeli akaandika bila kusita: hatapasua ubao, hatabadilisha mlango, hatatupa hata komeo.

"Mke wangu keshajua viti vya barazani vitakaaje," alisema akitia sahihi. "Yeye anapenda jua la jioni."

Baraza lilitazama mashariki. Eveline akacheka moyoni. Wanaume na pande za dunia.

Mwezi uliofuata alirudi Kihesa na kuku kwapani na mapazia aliyoyashona mwenyewe, kumkaribisha mama mwenye nyumba. Alikuwa na furaha kama ya siku ya ubarikio wake kanisani. Alipokata kona akasimama. Alidhani amepotea, katika mtaa aliozaliwa.

Nguzo kumi na mbili za mawe zilisimama kwenye nyasi, hazijabeba kitu. Katikati yake Asukile alikuwa akivuta futi kamba.

"Shikamoo, mwalimu," alisema, akivua kofia. "Mmepishana. Nyumba imeondoka jana, malori mawili, saa hizi iko Mbeya; kiwanja kaniuzia mimi. Sifaeli ameniambia nikusalimie sana, na kwamba hata komeo halikubaki."