Chungwa la Khagendra

Siku ya dada kumbariki kaka yake, kaka hatikisiki mpaka baraka ziishe. Lakini tangu arudi kwao Pokhara kutoka hospitalini Delhi, Khagendra hakai akatulia.

Madaktari wa Delhi walichukua mishipa ya fahamu ya mbavuni, ile ya kupumulia, wakaiunga na mkono wake uliokufa kwenye ajali ya pikipiki. Walisema siku moja pumzi itaukunja. Miezi tisa anahema kama fahali, wapi!

“Umekalia siafu?” dada yake alimfokea. Akampachika chungwa kwenye kiganja kisichohisi, akampaka pajini pa uso rangi ya mwisho kati ya zile saba za baraka.

Ungaunga wa rangi ukamwingia puani. Akapiga chafya.

Chungwa likabiringika sakafuni.

“Kaka! Si nimekwambia usitikisike?”

“Sijatikisika mimi,” alinong'ona, akiukodolea macho mkono. “Nipake tena. Hapa, puani.”