Ukucha wa Mzee Kibwana

Kila Alhamisi Sikudhani huja na gari la manispaa kwenye ukumbi wa wazee, kuwakata kucha wasioweza tena kujikata wenyewe. Mzee Kibwana, ambaye haachani na gitaa lake, humpa vidole vyote isipokuwa dole gumba la kulia, lenye ukucha mrefu wa kupigia nyuzi.

Leo alianza kwa kumpa hilo.

"Na hili, Babu?"

"Kata, mwanangu. Vidole vya kushoto havikunjiki tena kubana nyuzi."

Sikudhani akaukata taratibu, akauweka kwenye karatasi pamoja na kucha za wenzake za kwenda kufukiwa. Mzee akauchagua, akautumbukiza kwenye tundu la gitaa. Kisha akalitikisa gitaa karibu na sikio, akasikiliza.