Mpira Tutawapa Sisi

"Huu siyo mpira," alisema Ismaili.

Mkononi alishika mpira wa tenisi, mpya, wa manjano, wenye manyoya kama kifaranga. Nyuma yake ilisimama mashine aliyohangaika nayo mwezi mzima: panda kubwa ya mbao za mkorosho, kikombe cha ngozi cha kuwekea kitu cha kurushwa, kifyatuo cha bawaba ya mlango. Kila kitu kilikuwepo kasoro kitu cha kukivuta kikombe.

Madam Helena, injinia aliyetoka Dar es Salaam na mashindano yake, alishusha miwani. "Kama siyo mpira ni nini? Nanasi?"

Wanafunzi wa shule za mjini wakacheka.

"Madam, ulisimama paredi shuleni kwetu ukasema, njooni na mashine, mpira tutawapa sisi. Tukajua mpira wa kuvuta. Wa manati."

"Nilisema mpira, na mpira nimetoa. Mpira ni mpira, kijana. Au huku kwenu una jina lingine?"

Safari hii hata mwalimu wa kina Ismaili alicheka. Hilo Ismaili aliliweka akiba.

Kwa kuweka akiba alikuwa hodari. Aliwakumbuka wageni walioleta kompyuta shuleni, wakapiga picha, wakaondoka. Umeme hawakuuleta, na maboksi mpaka leo ndiyo meza ya chai ya mkuu wa shule. Aliwakumbuka walioahidi maabara wakati bomba la gesi linafukiwa. Gesi ikapita, ikaenda zake kuwawakia wengine, na hapa Mtwara kidato cha tatu kizima moto wa maabara kinachorewa ubaoni kwa chaki nyekundu.

Na zawadi ya leo ilikuwa hiyohiyo. Maabara. Shule moja tu.

"Sheria ni moja!" Kipaza sauti kilikwaruza uwanja mzima wa Ufukoni. "Kila shule inarusha mara moja. Mpira utakaotoka kwenye mashine ukadondoka mbali kuliko yote, shule hiyo imeshinda. Sitaki mjadala!"

Ismaili alitoka mbio hadi barabarani, malori ya korosho yanakopanga foleni ya kuingia bandarini, akamwangukia fundi pancha. Alirudi na kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu la lori: mweusi, mzito, umeliwa na jua. Mwanakombo, mwenzake pekee kwenye timu, alikuwa bado amekaa palepale alipomwacha. Darasani walimwita Bubu, na leo Ismaili aliona hawakumwonea.

Wakaenda kujaribu nyuma ya vyoo. Mara ya kwanza mpira wa tenisi uliruka ukaangukia karibu, hata kuku aliyekuwa anaparura pale hakushtuka. Mara ya pili kamba zilizofunga mpira wa lori kwenye panda zikachomoka. Wa manjano ukadondoka mguuni kwake. Ule mweusi ukapaa peke yake, ukavuka ukuta, ukatua juu ya paa la ghala ng'ambo ya pili.

"Hebu ona!" Ismaili akapiga teke mchanga. "Wametutega hawa. Wallahi walijua. Wenzetu wa mjini wana springi za dukani, sisi tunaambiwa mpira tutawapa!"

Mwanakombo alikuwa anaangalia paa. Aliliangalia, akaiangalia mashine, akaliangalia tena.

"Utaufuata, au unasubiri ushuke wenyewe?"

"Naufuata, kaka."

Aliporudi nao, Ismaili alifunga kamba upya, akakaza kwa meno mpaka fizi zikauma. Majina yao yakaitwa. Walipokuwa wanaiburuta mashine kuelekea mstarini, Mwanakombo akatoa wembe wake wa kuchongea penseli.

"Mikia ya kamba imezidi. Niipunguze."

"Punguza. Angalau uonekane umefanya kazi."

Bendera nyekundu ya shule ya mjini ilikuwa imechomekwa mbali kuliko zote, inapepea kwa maringo. Ismaili hakutaka kuitazama. Aliupachika mpira wa manjano kwenye kikombe, akavuta mpaka mbao zikalia, akasema bismillahi, akafyatua.

Wa manjano ulidondoka, ukabiringika kivivu, ukaegemea kidole chake gumba cha mguu. Ule mweusi ulichomoka na kwenda, ukijipinda hewani kama samaki mkunga.

Uwanja mzima ukaangua kicheko.

"Poleni sana, vijana," kipaza sauti kikasema. "Jitahidini mwakani. Anayefuata!"

Ismaili akainama kuokota kamba. Haikuchomoka hii. Wala haikukatika kwa kuvutwa. Akaitazama na ya upande wa pili. Zote mbili zilikuwa zimekatwa kwa wembe, safi, pakaachwa uzi mmoja tu wa kudanganyia macho.

Wabaya wote aliowaweka akiba miaka yote hii, na kumbe mmoja anakula naye muhogo sahani moja.

"Mwanakombo! Umetuuza?"

Mwanakombo alichukua bendera yao, akauruka mpira wa manjano, akatembea. Akazipita bendera za shule nyingine. Akaipita nyekundu. Alisimama pale ulipolala mpira mweusi, akaichomeka bendera mchangani kwa mikono miwili.

Kicheko kikaanza kupungua.

"Wewe binti! Hapo unapima nini?"

Bubu akageuka, na sauti yake haikuhitaji kipaza sauti.

"Mpira, Madam. Au huko kwenu una jina lingine?"